Jina la Kijana katika Daftari la Wakopeshaji

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja jambo ambalo vijana wa Sombetini hutuuliza karibu kila juma, nasi mara nyingi tumewajibu vibaya. Ni habari ya kukopa. Hatutaki kusema kama yafaa kukopa au haifai, maana hayo yamekwisha kusemwa sana, na fundi mwenye cherehani moja anayetaka ya pili hatangoja mpaka tumalize mabishano yetu. Swali lenyewe ni hili: kijana ambaye hajakopa mahali po pote, wakopeshaji watajuaje kwamba yeye ni mtu wa kulipa?

Sisi wenyewe tulianza kujifunza habari hii kwa aibu kidogo. Kijana mmoja wa usharika wetu alikuwa akiendesha pikipiki ya mtu kwa mkataba. Desturi hiyo mwaijua: kila jioni dereva humpelekea mwenye chombo hesabu, na muda waliopatana ukiisha, pikipiki huwa mali ya dereva. Kijana huyu alipeleka hesabu miezi kumi na minane. Siku za masika alipeleka. Hata alipolala na homa alimtuma mdogo wake na fedha alizokuwa ameziweka kwa siku kama hiyo. Pikipiki ikawa yake. Ndipo akatamani bajaji, akaazimia kwenda kwenye benki moja mjini, lakini kwanza akapita kwetu kuomba barua. Tukamwandikia barua ndefu na njema, tukaipiga mhuri. Karani wa mikopo aliisoma kwa heshima, akaikunja, akaiweka kando. Kisha akaandika namba ya kitambulisho cha kijana katika kompyuta yake, akatazama, akasema, “Hapa huna kitu.”

Kijana alidhani anaambiwa kwamba hana fedha, naye alikuwa nazo, akiba ya karibu theluthi moja ya bei. Karani akamweleza kwamba maana yake ni nyingine: katika daftari la wakopaji jina lake halimo. Hapana baya lililoandikwa juu yake, wala jema. Aliporudi alituuliza, “Mchungaji, miezi kumi na minane nimelipa kila siku. Malipo yale yamekwenda wapi?” Siku ile hatukuwa na jibu.

Jibu tunalo sasa, nalo ni chungu kidogo. Malipo yale yote yamo kichwani mwa mtu mmoja, yaani mwenye pikipiki, na pengine katika kijitabu chake cha mfukoni. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye duka wa mtaani, yule ambaye vijana humwita Mangi. Yeye anajua nyumba ipi hulipa unga na mafuta mwisho wa mwezi, na nyumba ipi hupita barabara ya nyuma ili isionekane. Daftari lake ni la kweli kabisa. Walakini halisomwi na mtu mwingine. Kijana aweza kuwa na jina jema kutoka Mbauda hata Ngusero, na akivuka daraja kwenda mjini akawa kama mgeni aliyeshuka jana katika basi.

Wala msidhani kwamba daftari la mabenki lilibuniwa na watu wasiojali sifa za mtu. Lilianza kwa barua kama ile yetu. Huko Marekani, katika mji wa New York, palikuwa na mfanyabiashara jina lake Lewis Tappan, mtu wa dini na adui mkubwa wa utumwa. Yeye na ndugu yake Arthur waliuza hariri. Mwaka 1837 biashara za Marekani zilipoanguka, nyumba yao nayo ilianguka, kwa kuwa wenye maduka wa mbali walikuwa wamechukua mali kwa mkopo na hawakuweza kulipa. Basi mwaka 1841 Lewis alifungua ofisi ya kukusanya habari za wakopaji. Katika miji mingi aliweka watu wa kumwandikia, wengi wao wanasheria, waseme juu ya kila mwenye duka: je, hulipa? Ana mali gani? Ni mlevi au mtu wa kazi? Abraham Lincoln naye, kabla hajawa Rais, alikuwa mmoja wa waandishi hao. Makarani wakayanakili yote katika vitabu vikubwa, na mfanyabiashara aliyelipa ada aliweza kuja kuuliza kabla ya kumkopesha mtu. Ofisi hiyo ikapita mkononi mwa Robert Dun, na mwaka 1933 ikaungana na mshindani wake Bradstreet. (Mwaka huo huo wakulima wa kahawa jirani zetu wa Kilimanjaro walikuwa wakianza chama chao kikuu, KNCU, nao pia walitaka kujulikana na wenye fedha, lakini kwa njia ya kuwa wengi.)

Barua zile za zamani zilikuwa na ubaya wake. Mtu aliweza kuharibiwa jina na jirani mwenye husuda, wala asijue ni nani aliyemwandika. Ndiyo sababu madaftari ya siku hizi yameacha masimulizi na kushika tarakimu: alikopa kiasi gani, lini, kwa nani, alipaswa kulipa siku gani, na alilipa siku gani. Tulipoelewa hayo tulikoma kumnung'unikia yule karani. Hakutudharau. Barua yetu ilisema kwamba kijana ni mwema, na daftari lake halina safu ya wema. Lina safu ya tarehe.

Kwetu Tanzania daftari hili ni changa, na sababu mojawapo ni ya zamani. Wakati wa Waingereza palikuwa na sheria ya mwaka 1931 iliyozuia mikopo kwa wenyeji wa Tanganyika. Mfanyabiashara asiye mwenyeji akimkopesha mwenyeji bila kibali cha maandishi cha afisa wa serikali, hakuweza kulidai deni lake mahakamani. Watawala walisema wawalinda watu wetu, na pengine wako waliolindwa. Walakini matokeo yake ni kwamba wenye maduka wengi waliogopa kukopesha, na babu zetu wakabaki bila maandishi yo yote ya kuonyesha kwamba walikuwa walipaji. Baada ya Uhuru mambo yalikwenda polepole. Kanuni za kukusanya na kutoa taarifa za wakopaji zilitungwa mwaka 2012 chini ya sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006, na mwaka 2013 Benki Kuu ikazipa leseni kampuni mbili za kazi hiyo, Creditinfo na ile ile ya ukoo wa Tappan, Dun & Bradstreet. Mabenki hupeleka habari za wakopaji wao, nao kabla ya kukopesha huuliza. Basi karani alipoandika namba ya kijana wetu, hilo ndilo alilokuwa akilitazama.

Sasa na tuone jinsi kijana awezavyo kuingia humo kwa mlango wa mbele.

Kwanza ni jina lenyewe, na hapa twawaomba wainjilisti msikilize, maana kosa ni letu pia. Katika kitabu cha ubatizo tumemwandika mtoto kwa jina moja, cheti cha shule kina tahajia nyingine, na kitambulisho cha Taifa kina jina la babu ambalo shuleni halikuwako. Tena cheti cha ubatizo ni kimoja cha vielelezo ambavyo mtu huonyesha anapotafuta cheti cha kuzaliwa akiwa amechelewa. Tukikosea herufi pale kisimani pa ubatizo, kosa lamfuata mtoto miaka ishirini, na siku moja jina lililo benki na jina lililo katika kitambulisho havikubaliani, naye hurudishwa nyumbani akaape mbele ya wakili. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, nayo ndiyo kamba inayofunga mambo yote ya mtu pamoja. Kijana aliyefikisha miaka 18 asikawie kuitafuta.

Jambo la simu lafanana na hilo. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole, na wengi, kwa kukosa namba wakati ule, walisajiliwa na shangazi, au na rafiki, au na mtu wa pembeni mwa barabara. Kijana huyo huuza mboga Kilombero, hupokea fedha kwa simu kila siku, na safari yote ya fedha hizo yaandikwa kwa jina la shangazi! Kama laini si yako, jambo la kwanza ni kupata yako.

Pili, fedha ipite mahali inapoonekana. Kijana afungue akaunti, hata ile ndogo kabisa, na mapato ya kazi yapite humo kabla ya kutumika, hata kama yatalala usiku mmoja tu. Mtu mmoja alituambia kwamba huo ni usumbufu, kwa kuwa fedha ataitoa asubuhi. Ni kweli ni usumbufu, tena kuna makato. Lakini mwaka ukiisha ana karatasi za kurasa kadhaa zinazosema kwamba yeye hupata kitu kila juma, na hilo mwenye kibubu chini ya kitanda hana njia ya kulisema, hata akiwa na fedha nyingi kumzidi.

Tatu, na hapa ndipo penye kazi yenyewe, akope kidogo mahali palipo na maandishi, akalipe kabla ya siku. Wengi huanzia katika VICOBA. Hilo ni jema. Humo mtu hujifunza kununua hisa kila juma na kuogopa macho ya wenzake. Kwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vimewekwa daraja la nne na hupaswa kuandikishwa katika halmashauri. SACCOS ni daraja la tatu, na leseni yake hutoka Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Lakini asidhani kwamba kila malipo ya kikundi hufika katika daftari kubwa. Kikundi kingi hakipeleki, na hata SACCOS si zote zipelekazo. Kabla ya kujiunga amwulize katibu waziwazi, “Nikikopa na kulipa hapa, habari zangu mwazipeleka kwa kampuni za taarifa za wakopaji?” Katibu asiyejua jibu ataliuliza, na huenda swali la kijana likakiamsha chama kizima.

SACCOS ni ndugu wa vyama vilivyoanzishwa Ujerumani na Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa diwani mkuu wa vijiji maskini, naye mwaka 1864 alianzisha chama cha mikopo huko Heddesdorf karibu na mto Rhine. Alitaka chama kisipite mpaka wa eneo ambalo watu hujuana, kwa kuwa aliyakopesha maneno ya watu na tabia zao, si mashamba yao. Kwa hiyo SACCOS yasimama katikati: yamjua mtu kwa uso, nayo huandika tarehe. Kwa kijana asiye na rehani hatujui mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Mkopo wa kwanza uwe mdogo hata uonekane kama mchezo, wa tairi au wa mtaji wa magunia mawili, na marejesho yake yawe ya kiasi ambacho angeweza kulipa hata mwezi mbaya. Akimaliza aombe barua ya kumaliza deni, aitunze pamoja na vyeti vyake.

Sasa habari ya mikopo ya simu. Tangu M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, mtu aweza kukopa akiwa amekaa chini ya mwembe, bila karani, bila mdhamini, bila kuona aibu. Vijana hudhani kwamba kwa kuwa ni simu, si benki. Sivyo: mkopo wa namna ile hutolewa na benki, ingawa umepita katika simu, na benki ina daftari. Dada mmoja auzaye mitumba alikopa shilingi 20,000 kwa simu siku ya msiba, akaibiwa simu, akanunua laini ya namba nyingine, akasahau. Miaka miwili baadaye aliomba mkopo wa cherehani za kuanzisha chumba cha kushonea, akakataliwa. Alilia mbele yetu akisema hadaiwi na mtu. Shilingi 20,000! Kwa hiyo twasema hivi: jina tupu ni shida, lakini jina lenye doa ni shida kubwa kuliko hiyo, na doa la deni dogo halisomeki kuwa dogo. Mkopo wa simu, ukilipwa kwa siku yake, waweza kuwa mwanzo wa jina jema. Asiyeweza kuikumbuka tarehe asiuguse.

Mbali na hiyo kuna ile mikopo ambayo mji mzima huiita kausha damu, na jina hilo halikutungwa na maadui. Mkopeshaji huchukua kadi ya benki ya mtu pamoja na namba yake ya siri, au huja kubeba televisheni na makochi mbele ya watoto. Wengine hukopesha kwa programu za simu, na mtu akichelewa huwatumia ujumbe ndugu na marafiki zake wote ili kumwaibisha. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila kibali. Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi, naye aweza kulipa riba tu. Kwa miezi mitano amelipa shilingi 100,000, na deni ni lile lile shilingi 100,000. Tena asiye na leseni hamwandiki mtu vema katika daftari lo lote. Kijana ateseka, alipa, na mwishoni bado “hana kitu.” Basi kabla ya kuchukua fedha aombe kuona leseni, na karatasi yenye riba yote na ada zote kwa shilingi, si kwa maneno.

Labda mtu atauliza, “Je, kama sina la kuweka rehani, nitafute mdhamini?” Ndiyo, na wengi wenu mtakuja kwetu. Hapa hatuna budi kusema lililotupata. Miaka kadhaa iliyopita tulitia sahihi kumdhamini mtu tuliyempenda, kwa huruma, bila kuuliza hesabu za biashara yake. Yeye akahama mji, marejesho yakakoma, na akiba yetu katika chama ikashikwa mpaka deni lilipokwisha. Mama mchungaji hakusema neno. Alibadili tu chakula cha nyumbani kwa miezi mingi, nasi tukaelewa. Mtume Paulo alipomwandikia Filemoni habari za Onesimo alijiandika mwenyewe kuwa mlipaji, tena kwa mkono wake. Alijua maana ya sahihi. Sisi hatukuijua. Siku hizi tukiombwa tunauliza kwanza: deni ni kiasi gani, la miezi mingapi, na sisi tukilipa lote, je, tutaweza? Kama hatuwezi, twakataa, na kijana asikasirike. Yeye naye awe na haki ya kumkataa rafiki namna hiyo hiyo, maana deni alilolidhamini akiwa na miaka ishirini laweza kumfungia mlango akiwa na thelathini.

Na mambo yakiharibika? Ng'ombe hufa, pikipiki hugongwa. Mkopaji aende kwa mkopeshaji kabla ya siku ya kulipa, si baada, aeleze, aombe kupangiwa upya, na mapatano yaandikwe. Tumeona watu waaminifu wakizima simu kwa aibu, na kwa kuzima simu wakaandikwa pamoja na wezi. Tena mtu ana haki ya kuomba kuona taarifa yake mwenyewe na kupinga lililoandikwa vibaya. Watu wachache hufanya hivyo. Wengi hungoja mpaka siku ya kuomba mkopo, wanakuta deni walilolipa zamani bado laonekana halijalipwa, na hapo huanza kutafuta risiti ambayo mvua ililowesha.

Twarudi kwa kijana wetu wa pikipiki. Tulikwenda naye kwa mwenye chombo, tukamwomba aandike katika karatasi malipo ya miezi ile kumi na minane, kwa tarehe kadiri kijitabu chake kilivyoonyesha, na kutia sahihi. Karatasi ile haikuingia katika daftari la benki, wala haikuweza. Lakini SACCOS moja iliisoma, ikampokea, na baada ya kuweka akiba miezi sita akakopa shilingi 300,000 za matairi na bima. Akazilipa kwa miezi mitano badala ya sita. Mkopo wa pili ulikuwa wa shilingi 900,000, naye amebakiza marejesho mawili. Juzi alipita nyumbani kwetu jioni, pikipiki ikiwa bado ina moto, akatuonyesha katika simu taarifa yake aliyoiomba mwenyewe. Mistari yake ni michache sana. Jina la ubatizo limeandikwa sawasawa, ila jina la ukoo limekosewa herufi moja, na Jumatatu anakwenda kulisahihisha.